Chiriku wa Theluji

Leo nataka tutoke nje. Najua ni Januari. Najua hapa Minnesota Januari si mwezi wa mtu kutoka bila shughuli, na asubuhi ninayotaka kuwasimulia kipimajoto kilionyesha nyuzi 22 chini ya sifuri. Vaeni, twende.

Mtaa wenyewe ni Brooklyn Park, kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, ukingoni mwa mto Mississippi. Wengi wenu mnaujua, ama mnaishi humu ama mna ndugu humu. Nyumba za familia mojamoja, kila moja na banda lake la gari na uwanja wa mbele usio na ukuta, misonobari mirefu kuliko mapaa, na barabara zinazopinda hadi zikakurudisha ulikotoka. Mtu aliyezaliwa Likoni akitembea humu asubuhi ya baridi, kinachomshtua kwanza ni ukimya. Hakuna honi ya feri, hakuna mkokoteni, hakuna muuza kahawa anayegonganisha vikombe. Miaka yangu miwili ya mwanzo niliamini kwamba tangu Novemba hadi Aprili hakuna kiumbe anayeishi nje hapa. Mlangoni hadi garini, garini hadi kazini, macho chini nisije nikateleza.

Kilichonitoa katika hali hiyo ni swali la mtoto. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Tulikuwa tunaondoa theluji mlangoni, nikachomeka beleshi ili nipumzike mgongo, mara kindege kikatua juu ya mpini wake. Kidogo, cha mviringo, kofia nyeusi hadi machoni, kidevu cheusi, mashavu meupe pe. Kikatutazama, kikasema neno lake, kikaenda. Binti akaniuliza, "Baba, huyu anaitwaje kwa Kiswahili?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemfundisha mtoto huyu majina ya samaki wa pwani ambao hajawahi kuwaona, changu na tafi na kolekole, lakini ndege anayelala uani kwetu sikuwa na neno la kumwitia. Usiku ule nilimpigia mama simu, nikamsikilizisha sauti niliyoirekodi: chika-dii-dii-dii, chika-dii-dii-dii. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, huyo si chiriku huyo? Hebu msikie anavyopayuka."

Najua, na mama akielezwa atakubali, kwamba chiriku wa kwetu ni ndege mwingine wa ukoo mwingine. Lakini mama alimpa jina kwa sikio, na ndivyo majina mengi ya ndege yalivyopatikana. Kigong'ota ni yule agongaye miti. Na huyu wa hapa, Wamarekani nao walimwita vivyo hivyo, kwa sauti yake: chickadee. Basi nyumbani kwetu akawa chiriku wa theluji, na tangu siku ile mimi na binti yangu hutoka kila Jumapili asubuhi, tukatembea mtaani muda wa saa nzima, yeye akibeba daftari, mimi darubini.

Ngoja nikae kidogo kwa huyu chiriku, maana ndiye mwenyeji wetu. Uzito wake ni gramu 11 hivi, karibu sawa na kijiko kikubwa cha sukari. Mchana joto la mwili wake hufika nyuzi 42. Sasa fikirini: kijiko cha sukari chenye joto la 42, nje kuna 22 chini ya sifuri, na usiku una saa 15. Anaishije? Kwanza, hula mchana kutwa, alizeti na mayai ya wadudu yaliyofichwa kwenye magome, akijiwekea mafuta ya kuchoma usiku mmoja tu. Kesho huanza upya. Jua likizama huingia peke yake ndani ya tundu la mti, akatutumua manyoya hadi akawa kama mpira, akatetemesha misuli ya kifua bila kukoma. Na tena huteremsha joto la mwili wake kwa nyuzi kama kumi, kama mama anayepunguza moto wa jiko ili makaa yafike alfajiri.

Kisha kuna akiba. Tangu vuli huficha mbegu, mojamoja, kila moja mahali pake: ufa wa gome, chini ya kigae cha paa, katikati ya majani ya msonobari. Mamia kwa mamia. Na hukumbuka alikoziweka kwa majuma kadhaa. Wataalamu wamegundua kwamba ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu za mahali huongezeka msimu wa kuweka akiba. Nilipomsomea binti yangu habari hii aliniuliza kama chiriku anajua nyumba yetu ni ipi. Nikamwambia anaijua kuliko mtu wa posta.

Msikilizaji, ukitaka kuona ndege majira haya usimtafute kila mmoja peke yake. Mtafute chiriku, kisha usimame. Ndege wa majira ya baridi hutembea kwa msafara, na chiriku ndiye utingo wa matatu hiyo: anaita, anatangulia, anajua kituo chenye chakula na kona yenye hatari. Nyuma yake huja kigong'ota mdogo wa madoa meupe na meusi, dume akiwa na alama nyekundu kisogoni, na yule ndege wa kijivubuluu anayeshuka shina la mti kichwa chini miguu juu kana kwamba ndivyo miti inavyoshukwa. Dakika nzima hakuna kitu, mti mtupu. Halafu mti mzima unatembea. Baada ya dakika tatu wamehamia kwa jirani. Asiyejua kusimama huwakosa hivi hivi.

Asubuhi ile ya nyuzi 22 tuliwakuta kwenye kona ya pili kutoka kwetu, penye miti mitatu ya matofaa madogo ambayo matunda yake hubaki yameganda matawini. Tukasikia chiriku akiita, lakini mwito ulikuwa umebadilika. Badala ya dii mbili au tatu zilikuwa nyingi, za harakaharaka, sita, saba, nane. Hapo kuna elimu. Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha utafiti uliopima mwito huu: kadiri adui anavyokuwa wa hatari kwao, ndivyo chiriku wanavyoongeza dii mwishoni. Na wanajua kupima. Bundi mdogo mwepesi, anayeweza kuwafukuza matawini, huitiwa dii nyingi kuliko bundi mkubwa asiyeweza kujipinda upesi vya kutosha kumkamata kijidege. Na ndege wa aina nyingine huusikia ule mwito wakajua la kufanya.

Tukainua macho. Juu ya nguzo ya taa alikuwa kipanga, mgongo wa kijivu, kifua chenye michirizi ya rangi ya kutu, mkia mrefu wenye mapingili. Huyu hula ndege. Hupita chini kati ya nyumba, akakata kona ya banda la gari, akatokea penye mbegu kabla hewa haijatikisika. Tulisimama. Hata vigong'ota waliganda kwenye mashina. Kisha kipanga akaondoka bila kitu, na kwa muda mrefu, naapa nilihesabu hadi mia na arobaini, hakuna aliyetikisa bawa.

Kwa Kiingereza kipanga huyu anaitwa Cooper's hawk, kwa heshima ya William Cooper, mwanasayansi wa New York wa karne ya 19. Ndege wengi wa bara hili wamebeba majina ya watu, na baadhi ya watu hao walikuwa na mikono isiyo safi. Mwezi wa Novemba 2023, chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitangaza kwamba majina ya Kiingereza ya ndege wa Marekani na Kanada yaliyotokana na watu yatabadilishwa. Kuna wanaolalamika. Mimi naona ni sawa kabisa. Ndege hakuwahi kuwa mali ya mtu hata abebe jina lake, na lugha yetu ililijua jambo hilo bila kikao. Kigong'ota anagonga. Ukilisikia jina umeshamwona.

Nimetaja jina Cooper, na kuna Cooper mwingine ninayemkumbuka kila ninapovaa darubini shingoni. Tarehe 25 Mei 2020, ndani ya bustani ya Central Park jijini New York, Christian Cooper, Mmarekani Mweusi mtazamaji wa ndege, alimwomba mwanamke mmoja amfunge mbwa wake kamba kama kanuni za sehemu ile zinavyotaka. Mwanamke akapiga simu polisi, akasema mwanamume Mweusi anatishia maisha yake. Cooper alikuwa amerekodi. Siku hiyohiyo, jioni, George Floyd akauawa chini ya goti la polisi hapa Minneapolis, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka kona ile ya miti ya matofaa. Kabla mwezi haujaisha, vijana wanasayansi Weusi walianzisha wiki ya watazamaji ndege Weusi, na hufanyika kila mwaka. Wala si kwamba jambo lilianza hapo. Mwaka 2013 Profesa J. Drew Lanham wa Chuo Kikuu cha Clemson alichapisha kanuni tisa za mtazamaji ndege Mweusi, na mojawapo ni kutovaa koti lenye kofia.

Sasa niambieni, katika nyuzi 22 chini ya sifuri mtu atavaa nini? Nimejifunika kofia, skafu hadi puani, na mkononi nina darubini, nimesimama mbele ya nyumba za watu nikitazama juu. Nimejiwekea taratibu zangu. Koti langu ni la rangi ya chungwa. Darubini haiinuki kuelekea dirisha, hata kama ndege amekaa hapo, namwacha aende. Na kila mtu ninayemwona namsalimia kwanza, kwa sauti, kama tulivyofundishwa na wazazi, maana mwenye kupiga hodi hajaja kuiba. Hata hivyo asubuhi moja gari lilipunguza mwendo kando yetu, kioo kikashuka, na mwanamume akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia ndege. Akaniuliza mara ya pili. Binti yangu akamwonyesha daftari lake. Akalitazama, akapandisha kioo, akaenda zake bila neno. Njia nzima mtoto hakuandika kitu. Sitasahau daftari lile likiwa limefumbatwa kifuani.

Nawaambia haya kwa sababu kuna baba au mama ananisikiliza ambaye angependa kutoka na wanawe lakini anahofia hilo. Hofu hiyo ina sababu. Mimi nimeamua kutoka nayo, na wiki iliyofuata tulirudi kona ileile, saa ileile.

Tuendelee na njia yetu. Chini ya misonobari, pale theluji ilipochimbuka, kuna ndege wanaochakura kwa kurukaruka. Migongo ya kijivu ya makaa, matumbo meupe, mpaka kati ya rangi hizo umekatwa kama kwa mkasi. Wakiruka mkia hufunguka, ukaona nyoya jeupe kila upande. Kiingereza ni junco. Binti yangu alipoziona picha za harusi ya babu yake aliwapa jina palepale: wazee wa koti, kwa sababu wamevaa koti la kijivu juu ya kanzu nyeupe. Hawa ndio ninaowapenda kupita wote, na sababu ni hii. Wakati ndege wengine wa Minnesota wameshakimbilia Meksiko na Amerika ya Kusini, wazee wa koti ndiyo kwanza wanawasili, mwezi wa Oktoba, kutoka misitu ya kaskazini mwa Kanada. Kwao wao hapa ndipo kusini. Hapa ndipo penye nafuu. Majike wengi huendelea kusini zaidi, madume wakabaki karibu. Ikifika Aprili hufunga safari ya kurudi kaskazini. Mtaa ambao mimi niliudhani ndio mwisho wa dunia, kuna mwenzangu aliyeuchagua kuwa kimbilio.

Nao wanapungua. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba Marekani na Kanada zimepoteza ndege karibu bilioni 2.9 tangu 1970, yaani zaidi ya robo ya wote. Wala si ndege adimu peke yao, hata hawa wa kawaida wamo. Vioo vya nyumba na majengo peke yake huua mamia ya mamilioni kila mwaka katika nchi hii, kwa kuwa ndege huona mti ndani ya kioo akaufuata. Kama umetundika mbegu uani, zitundike ama karibu kabisa na dirisha, chini ya mita moja, ili ndege akishtuka asipate mwendo wa kujiumiza, ama mbali, mita kumi au zaidi.

Shomoro sina haja ya kuwaeleza. Ndiye ndege wa kwanza niliyemtambua katika nchi hii, ndani ya herufi ya bango la duka, amejaza majani makavu kama alivyojaza kwenye paa la duka la Mwarabu kule kwetu. Hapa aliletwa kutoka Ulaya, akaachiliwa Brooklyn, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1850. Wale wa Mombasa na Unguja asili yao ni Bara Hindi. Kwenzi wa Ulaya naye aliachiliwa Central Park na Eugene Schieffelin, ndege kama 60 mwaka 1890 na wengine kama 40 mwaka uliofuata; leo wamejaa bara zima, na vigong'ota wananyang'anywa matundu. Miaka hiyohiyo ya 1890, upande wetu, Waingereza walipeleka Unguja kunguru wa Kihindi wasafishe takataka. Mnajua kilichofuata. Vifaranga wengi wameliwa tangu Unguja hadi Mombasa, na ndege wadogo wa bustanini wamepungua sana.

Kunguru wa hapa ni tofauti, ni mwenyeji, mweusi mzima. Jioni hizi za baridi hupita juu ya paa letu wakielekea katikati ya jiji, maelfu kwa maelfu, mstari usiokatika kwa nusu saa, kwenda kulala pamoja kwenye miti iliyo karibu na joto na taa. Ukitoka kazini saa kumi na moja, inua macho.

Na kadinali. Ndege mwekundu kama pilipili hoho iliyoiva, mwenye kishungi, aliyepewa jina la makadinali wa Kanisa Katoliki kwa ajili ya joho lao. Habadilishi vazi lake majira ya baridi. Katikati ya weupe huo wote ataonekana kutoka mtaa wa pili, na kipanga naye ana macho. Ndiyo maana hupenda kula mapema sana na magharibi, wakati mwanga ni mchache. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa mgeni nadra Minnesota. Alisonga kaskazini polepole, akifuata vichaka vya mitaa kama hii yetu na mbegu ambazo watu walimwekea.

Njia yetu huishia mtoni, kwenye bwawa la Coon Rapids, ambako maji yanayoporomoka hayagandi. Hapo utawaona bata wamejikusanya katika mvuke, na juu ya mti mtupu, tai mwenye kichwa cheupe. Mtu aliyefika Naivasha atadhani ni furukombe, na hatakosea sana, ni jamaa. Tai huyu nusura aangamie kwa sumu ya DDT, iliyofanya mayai yake yavunjike chini ya mama. Mwaka 1972 sumu hiyo ikapigwa marufuku, na mwaka 2007 tai akaondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini. Asubuhi ile walikuwa wanne. Binti yangu aliandika nne, akaipigia mstari.

Hesabu hizo si za kuchezea. Siku ya Krismasi ya mwaka 1900, Frank Chapman wa New York aliwaomba watu waache ile desturi ya kushindana kupiga ndege risasi, wawahesabu badala yake. Wakajitokeza 27. Zoezi hilo linaendelea hadi leo, kati ya Desemba 14 na Januari 5, kwa maelfu ya watu, na mtu yeyote anakaribishwa, ajuaye na anayejifunza. Desemba iliyopita tulijiunga sisi wawili. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Daftari la binti yangu lilikuwa la Kiswahili: chiriku, kigong'ota, mzee wa koti, kunguru, kadinali, kipanga. Tukatafsiri usiku mezani.

Tulipokuwa tunarudi kutoka mtoni jua lilikuwa limeshapanda kidogo, bila joto lolote. Pale penye miti ya matofaa tukasikia mluzi wa noti mbili, ya kwanza juu, ya pili chini yake, taratibu, safi: fii-bii. Halafu kimya. Halafu ukajibiwa kutoka upande wa pili wa barabara. Nilidhani ni mtu anaita mbwa. Binti yangu akanishika mkono. Alikuwa chiriku yuleyule mpayukaji. Baridi ilikuwa haijapungua hata nyuzi moja, lakini siku zilikuwa zimeanza kurefuka tangu mwisho wa Desemba, na yeye huimba kwa kufuata mwanga. Mama mmoja mzee alikuwa amesimama kibarazani kwake na kikombe mkononi, gauni la kulalia chini ya koti. Nikamsalimia. Akaweka kidole mdomoni, kisha akaonyesha juu, na sote watatu tukasubiri aimbe tena.